Daktari wa Koo Aliyejificha Nyuma ya Piano

TATU: Karibuni tena, jamani. Kabla hatujawasha mitambo kaka Makame alikuwa anachezea kitu pembeni kwenye kinanda chake, nikamwambia hapana, acha, utakipiga tukiwa hewani. Haya kaka, kipige.

[Kinanda: mahadhi mafupi, polepole]

TATU: Ona mkono wangu. Vipele vimesimama.

MAKAME: Na huo ni wimbo wa kubembelezea mtoto alale.

TATU: Mtoto gani! Huyo mtoto wa filamu ile mimi simbembelezi hata kwa kulipwa.

MAKAME: Kwa wasikilizaji ambao hawakuiona: filamu ni Rosemary's Baby, ya mwaka 1968. Mke kijana na mumewe wanahamia kwenye jengo la zamani New York, mke anapata mimba, na majirani ni wakarimu kupita kiasi.

TATU: Ukarimu wa jirani ukizidi, chungulia sufuria. Na usiendelee hapo, kuna watu hawajaitazama.

MAKAME: Siendelei. Ila tangu sekunde ya kwanza kamera inapita juu ya mapaa ya New York, na unasikia sauti ya mwanamke, la la la la, haina maneno. Aliyeimba ni Mia Farrow, ndiye mwigizaji mkuu mwenyewe. Hawakumtafuta mwimbaji mwenye koo la dhahabu. Sauti nyembamba, kama mama yeyote aliyechoka saa tisa ya usiku. Na mapigo ni matatu-matatu, moja-mbili-tatu, kama unamrusharusha mtoto mapajani.

TATU: Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa kidato cha pili, tumejazana sebuleni kwa mama mdogo kule Tanga. Picha nyingi nimezisahau. Huo wimbo sijausahau.

MAKAME: Basi leo tunazungumza juu ya aliyeutunga, na juu ya mpiga piano mwingine aliyekuja baadaye akamtolea albamu nzima, peke yake na piano. Mtunzi ni Krzysztof Komeda wa Poland. Mpiga piano ni Leszek Możdżer, naye wa Poland. Albamu inaitwa Komeda tu, ilitoka mwaka 2011.

TATU: Rudia hilo jina la kwanza.

MAKAME: Kshishtof.

TATU: Unapiga chafya?

MAKAME: [anacheka] Na hilo ndilo jepesi. Jina lake la ukoo la kweli ni Trzciński. Hilo sikufundishi leo, tutamaliza muda.

TATU: Kwa hiyo Komeda si jina la baba yake.

MAKAME: Si jina la baba wala babu. Na hapo ndipo penye kisa. Huyu bwana alizaliwa Poznań mwaka 1931. Utotoni alipata polio, ikamwachia mguu wenye kuchechemea. Piano alianza mapema, kisha vita vikaja, Wajerumani wakaikalia nchi, masomo ya muziki yakavurugika. Wanasimulia kwamba wakati huo wa vita watoto walikuwa wanacheza mchezo wa wanajeshi, yeye akaandika ukutani neno la Kipolandi la makao ya amri, "komenda", akaruka herufi moja. Ikawa "komeda". Wenzake wakamshikilia hapo hapo.

TATU: Yaani jina la utani la kosa la imla.

MAKAME: Kosa la imla, nalo likaja kumfaa. Maana vita vilipokwisha alisomea udaktari. Masikio, pua na koo. Na jioni anapiga jazi.

TATU: Ngoja. Hapo kwenye jazi tusimame kidogo, maana najua wapo wasikilizaji wetu ambao ukitaja jazi wanaona Morogoro Jazz, wanaona Western Jazz, Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake.

MAKAME: Na hawajakosea! Kwetu neno lilikuja likawa jina la bendi, la dansi. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa miaka ya thelathini. Lakini ninayoisema hapa ni ile ya Wamarekani weusi, ya akina John Coltrane, ambapo wimbo ni kama mlango tu. Mnaupiga mara moja watu waujue, halafu kila mtu anaingia ndani na kutembea atakavyo. Sisi wa taarab tunaelewa. Mpiga udi anapotoa taksimu peke yake kabla wimbo haujaanza, anabuni papo hapo ndani ya maqam, yaani ile ngazi ya noti aliyoichagua. Hana karatasi mbele yake. Ni ndugu na huo mchezo.

TATU: Sawa. Na kule Poland kupiga jazi kulikuwa na ubaya gani hadi mtu atumie jina bandia?

MAKAME: Enzi za Stalin jazi ilitazamwa kama uchafu wa Wamarekani. Walioipenda walikuwa wanapigiana majumbani, na wenyewe hadi leo kipindi hicho wanakiita cha mahandaki, kama wale Wakristo wa kale waliokuwa wanasalia chini ya ardhi. Stalin akafa mwaka 1953, kamba ikaanza kulegea, na Agosti 1956 likafanyika tamasha la jazi mjini Sopot, kando ya bahari. Komeda alipanda jukwaani na kundi la watu sita. Wengi siku zile walikuwa wanapiga jazi ya zamani ya shangwe. Yeye na wenzake wakaja na ya kisasa, ya kufikiri. Sasa mtu huyu ni daktari kijana hospitalini, na kazini jazi haina sifa nzuri. Jina la ukoo akaliacha kwenye koti jeupe, kwenye bango la muziki akaandikwa Komeda.

TATU: Hilo mimi nalielewa sana. Tanga kulikuwa na mwalimu wetu wa hesabu, mkali, fimbo mkononi. Siku moja niko harusini namwona anapiga besi kwenye bendi, kavaa shati la maua. Alinitazama, nikamtazama. Jumatatu darasani hakuna aliyesema kitu. Ila mwaka ule sikuchapwa tena.

MAKAME: [anacheka] Hongo ya kimya.

TATU: Hongo ya kimya kabisa. Na tukitaja Poland, isionekane ni nchi ya mbali kiasi hicho. Pale Tengeru, karibu na Arusha, wakati wa Vita Kuu ya Pili waliwekwa wakimbizi wa Kipolandi kwa maelfu, wengi wao wanawake na watoto. Makaburi yao yapo hadi leo. Nimewahi kufika, majina kwenye mawe ndiyo kama haya unayoyapigia chafya.

MAKAME: Kweli kabisa. Na watoto wa Tengeru na huyu Komeda ni rika moja.

TATU: Turudi kwa daktari. Filamu aliingiaje?

MAKAME: Kupitia vijana wa chuo cha filamu cha Łódź. Roman Polański alikuwa mwanafunzi pale, mpenzi wa jazi, akamwomba ampigie muziki filamu yake fupi ya mwaka 1958, ya watu wawili wanaotoka baharini wamebeba kabati.

TATU: Kabati.

MAKAME: Kabati la nguo, lenye kioo. Wanazunguka nalo mjini, kila wanakokwenda wanafukuzwa. Karibu hakuna maneno. Kwa hiyo muziki ndio unaokuambia ucheke au uhuzunike. Baada ya hapo wale wawili hawakuachana sana. Mwaka 1962 ikaja ile ya kisu.

TATU: Hii naichukua mimi, maana kwangu ndiyo bora kuliko zote alizozipigia. Kisu Majini, kwa Kipolandi Nóż w wodzie. Watu watatu ndani ya mashua ya tanga. Mume mwenye pesa zake na majivuno yake, mke, na kijana waliyemwokota njiani akiomba lifti. Kijana ana kisu. Basi. Ziwa, tanga, jua, na wanaume wawili wanaotaka kuonyeshana nani dume mbele ya mwanamke asiyesema sana. Mwingine angeweka muziki wa kutisha, ngoma zinadunda, ujue hatari inakuja. Komeda akaweka saksafoni tulivu, jazi ya kupumzikia. Unatazama maji yametulia, muziki umetulia, na tumbo lako halijatulia hata kidogo.

MAKAME: Na anayepuliza ile saksafoni ni Msweden, Bernt Rosengren. Ndiyo maana kuna pande linaitwa "Ballad for Bernt".

TATU: Ambalo limo kwenye albamu ya Możdżer.

MAKAME: Limo. Na "Cherry" na "Crazy Girl", nazo za filamu hiyo hiyo. Kwa hiyo pande tatu kati ya nane zimetoka ndani ya ile mashua.

TATU: Komeda aliandikia filamu ngapi kwa jumla?

MAKAME: Zaidi ya arobaini. Na udaktari alikuwa keshauacha zamani. Lakini katikati ya hizo filamu, Desemba 1965, aliingia studio Warsaw na watu watano, yeye akiwemo, wakarekodi Astigmatic. Hiyo haikurekodiwa kwa ajili ya filamu. Pande tatu tu, na lenye jina la albamu linapita dakika ishirini. Wapenzi wa jazi ya Ulaya ukiwaamsha usiku uwaulize santuri kumi wanazozienzi, nyingi watabishana, hiyo watakutajia. Tarumbeta ni Tomasz Stańko, kijana mdogo wakati huo. Mkumbuke, atarudi.

TATU: Na mwisho wake?

MAKAME: Mwisho wake mbaya. Mwaka 1968 alikuwa Los Angeles kwa ajili ya filamu tuliyoanza nayo. Desemba mwaka ule akaanguka, akaumia kichwa. Akapoteza fahamu. Wakamrudisha Poland, akafariki Warsaw tarehe 23 Aprili 1969. Siku nne zaidi angetimiza miaka 38.

TATU: Innalillahi. Mwenye wimbo wa kulazia watu...

MAKAME: Ndiyo.

[Kimya kifupi]

TATU: Sasa Możdżer. Kazaliwa lini?

MAKAME: Gdańsk, mwaka 1971. Komeda ameshazikwa miaka miwili. Hawakukutana. Yeye kasoma piano ya darasani, ya Chopin, yule mtunzi mkubwa wa Poland wa zamani, na umaarufu wake mmoja wa mwanzo ni kumchukua Chopin na kumpiga kijazi.

TATU: Kwa Mpolandi hilo si dogo.

MAKAME: Ni kama mtu achukue wimbo wa Siti binti Saad aupige anavyotaka yeye. Uwe na roho ngumu, na uwe unajua kweli. Na kazi ya filamu anaijua kutoka ndani: piano inayosikika kwenye Finding Neverland, ile ambayo muziki wake ulimpa Jan Kaczmarek tuzo ya Oscar mwaka 2005, vidole ni vya Możdżer.

TATU: Hiyo sikuijua. Nimeshaililia filamu ile mara mbili.

MAKAME: Umelilia vidole vyake basi. Haya, mwaka 2011, ambao Komeda angetimiza miaka 80, kampuni ya ACT ya Ujerumani inatoa albamu. Mtu mmoja, piano moja, pande nane. Hakuna besi, hakuna ngoma, hakuna saksafoni. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze. Muziki huu ulikuwa na watu wengi. "Svantetic" kwenye Astigmatic ni watu watano wanagombana na kupatana. Możd... ona ulimi sasa. Możdżer kauchukua wote kaubeba kwa mikono miwili.

TATU: Na mimi ndipo ninapokukatalia kidogo.

MAKAME: Nilijua.

TATU: Nimeisikiliza albamu wiki nzima, jikoni, kwenye daladala, kitandani. Ni nzuri. Lakini nzuri yake ndiyo inayonisumbua. Komeda kwenye filamu ni mtu wa kuacha. Anaacha nafasi. Picha inasema, yeye anakaa kimya, halafu anaweka noti moja pale ambapo huitarajii. Huyu mwenzake anajaza. Mkono wa kushoto unatembea, wa kulia unamwaga shanga. Nilipofika kwenye ule wimbo wa mtoto nikasema, kaka, hapa mbona pananukia marashi? Iko wapi ile hofu yangu ya sebuleni kwa mama mdogo?

MAKAME: Hofu yako ilikuwa kwenye picha, dada.

TATU: Haikuwa kwenye picha! Picha ni mapaa ya nyumba tu, hakuna aliyekufa wala aliyepiga kelele. Hofu iko kwenye muziki. Ndiyo maana umeupiga sasa hivi kwenye kikinanda chako hicho cha plastiki vipele vikasimama.

MAKAME: Hapo umenibana. Lakini sikiliza. [anabonyeza noti chache] Wimbo wenyewe, lahani yake, hata mtoto anaweza kuiimba. Sasa chini yake zipo kodi. Nasema kodi za muziki, noti kadhaa zinazobonyezwa pamoja, msidhani ni watu wa TRA. Weka kodi hii chini yake... [anapiga] ...mama na mtoto, amani. Badilisha noti moja tu hapa katikati... [anapiga]

TATU: Acha.

MAKAME: Umesikia? Sijagusa lahani. Noti moja ndani ya kodi imehama, na kitanda cha mtoto kimekuwa kitu kingine. Ufundi wa Komeda ulikuwa hapo. Lahani tamu inayokaa juu ya sakafu isiyolingana. Sasa Możdżer ana piano tupu. Hana sauti ya Mia Farrow iliyochoka. Akiipiga vile vile ilivyokuwa itakuwa ni picha ya picha. Kwa hiyo kafanya anachokijua yeye, kaifungua, kaitembeza.

TATU: Hilo naelewa. Lakini kumuenzi mtu aliyejua kunyamaza kwa kuzungumza sana, huoni tabu?

MAKAME: Naiona. Ila nikuulize nawe. Kama angenyamaza kila Komeda aliponyamaza, angebaki wapi yeye? Ingekuwa maigizo. Kwetu kuna vijana wanaomwimba Bi Kidude kwa kukwaruza koo kusudi. Wanapata mikwaruzo, Bi Kidude hawampati.

TATU: [anacheka] Hiyo ni kweli, nimewaona.

MAKAME: Tena mimi mwenyewe miaka miwili nilipiga piano kwenye ukumbi wa hoteli moja ya kitalii. Meneja alitaka nyimbo za filamu, za kuwapigia watalii wakati wa chakula. Nilichojifunza pale: wimbo wa filamu ukiutoa kwenye filamu, nyingi zinaanguka. Zilikuwa zimeegemea picha. Unapiga, baada ya dakika moja na nusu huna pa kwenda, unarudia, unarudia, mtalii anaomba chumvi. Chache sana ndizo zinasimama kwa miguu yake. Za huyu bwana zinasimama, kwa sababu alizitunga kama mtu wa jazi. Kila wimbo una mlango wa nyuma wa kutokea.

TATU: Sawa, hapo nakupa. Na nitakuambia ni wapi Możdżer alinishika kabisa mpaka nikasahau ugomvi wangu. Pande la nne.

MAKAME: "The Law and the Fist".

TATU: Sheria na Ngumi. Nikaenda kuitafuta filamu. Prawo i pięść, ya mwaka 1964. Jamani, ni filamu ya kauboi, lakini ya Kipolandi! Vita vimekwisha, mwaka ni 1945, mji wa magharibi mwa nchi umebaki mtupu, Wajerumani wamekimbia, na linakuja kundi la watu lililotumwa kuulinda, kumbe wengi wao ni wezi. Mmoja tu ndiye anayekataa kuiba. Unaona? Kauboi bila farasi. Na kuna wimbo wake, maneno kaandika Agnieszka Osiecka, kaimba mwanaume mmoja anaitwa Edmund Fetting, kwa sauti ya mtu aliyeona mengi.

MAKAME: Huo Poland ni wimbo wa taifa wa pili, nusura niseme.

TATU: Usiseme, tutapigiwa simu na ubalozi. Lakini ona: mimi Kipolandi sijui hata neno moja. Kwa hiyo wimbo ule kwangu tangu mwanzo haukuwa na maneno. Nilimsikiliza Fetting, nikamsikiliza Możdżer, na kwa mara ya kwanza nikaona piano haikupunguza kitu wala haikuongeza marashi. Ilikuwa kama mtu anayekumbuka wimbo wa baba yake huku anatembea. Niliurudia mara nne kwenye daladala, nikapitiliza kituo.

MAKAME: Kituo gani?

TATU: Nilitakiwa kushuka Mwenge. Nikashtuka niko Makumbusho.

MAKAME: Hiyo ndiyo tathmini ya albamu. Mimi ningeiandika hivyo tu: kapitiliza Mwenge.

TATU: Na pale inapofuatia, pande la tano, lile la maombolezo?

MAKAME: "Nighttime, Daytime Requiem". Hilo lina kisa chake. Julai 1967 John Coltrane alifariki. Komeda akamtungia maombolezo. Ni kazi ndefu, nzito, haikutungwa kwa ajili ya filamu. Sasa hesabu na mimi: Komeda anamlilia Coltrane. Miaka miwili haijatimia naye kafa. Miaka zaidi ya arobaini baadaye Możdżer anamlilia Komeda kwa kilio kile kile cha Komeda. Msiba ndani ya msiba. Ukisikiliza ukijua hivyo, kidole kinakuwa kizito.

TATU: Kwenye misiba yetu ya Tanga kuna yule bibi anayeanza kumlilia marehemu wa leo, baada ya muda unasikia anataja marehemu wake wa mwaka themanini.

MAKAME: Na hakuna anayemkataza.

TATU: Hakuna. Ni haki yake.

MAKAME: Hiyo ndiyo requiem ya pande la tano. Asante, nilikuwa natafuta namna ya kuieleza tangu asubuhi.

TATU: Ulisema Stańko atarudi.

MAKAME: Ndiyo, nisimsahau. Yule kijana wa tarumbeta wa Astigmatic alikua, akawa mkubwa kweli kweli, na mwaka 1997 akatoa albamu yake ya kumuenzi Komeda, Litania, kwa kampuni ya ECM. Yeye alikuwa na kundi. Piano anapiga Bobo Stenson wa Sweden, na kwenye saksafoni ni nani? Bernt Rosengren! Yule wa mashua, miaka thelathini na mitano baadaye, mzee sasa. Na wimbo wa mtoto umo mara tatu kwenye albamu moja. Mara tatu, kila mara kwa namna nyingine.

TATU: Kwa nini mara tatu?

MAKAME: Alimjua mtu. Nadhani mara moja haikumtosha.

TATU: Basi mimi nitasema wazi, na mnaotaka kunirushia mawe nirushieni: Litania naipenda zaidi. Ina upepo. Ina kile kimya.

MAKAME: Mimi nazipenda zote mbili kwa saa tofauti. Litania usiku. Możdżer asubuhi, madirisha wazi. Lakini kama wewe msikilizaji ni mpiga kinanda, hata wa kanisani, hata wa taarab, anza na Możdżer. Maana pale utasikia mkono mmoja unafanya kazi ya watu watatu, na utajua ni lipi limeachwa na kwa nini. Sikiliza "Svantetic" ya watu watano kwanza, halafu yake. Jina hilo, kwa njia, limetoka kwa mshairi wa Sweden, Svante Foerster, rafiki yake Komeda. Huyu bwana alikuwa anawapa watu nyimbo kama wengine wanavyopeleka kapu la maembe.

TATU: "Svantetic" niliipata baada ya mara ya tatu. Mara ya kwanza nilidhani simu imeharibika.

MAKAME: Ukweli ni kwamba ni ngumu. Si lazima uipende. Rukia la pili, ambalo ndilo la mtoto, kisha "Ballad for Bernt", kisha kauboi wako. Ukifika hapo utakuwa umeshazoea mikono yake, rudi mwanzo.

TATU: Na la nane, la mwisho?

MAKAME: "Moja Ballada". Na hapa Kiswahili kinatuchezea, maana unaona "moja" unasubiri "mbili". Kwa Kipolandi "moja" ni "yangu". Balladi yangu.

TATU: Nilijua iko balladi ya pili! Niliitafuta!

MAKAME: [anacheka sana] Wallahi?

TATU: Nimeitafuta kwenye simu nusu saa. "Mbili Ballada". Haya, tuendelee, nishajiaibisha. Kaka, hebu niulize kitu cha nyumbani. Wimbo huu unaufanyia mazoezi wapi? Maana ulivyoupiga mwanzoni si wa leo.

MAKAME: Nyumbani Unguja, kwa dada yangu. Ana mtoto wa miezi minane, analia usiku kama ana deni analidai. Juzi zamu ikanifikia mimi. Nikaona, si wimbo wa kubembelezea mtoto? Nikawasha kinanda, sauti chini kabisa, nikaanza. Moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu.

TATU: Kwa kodi ipi? Ile ya amani au ile nyingine?

MAKAME: Niliipiga kama alivyoitunga mwenyewe.

TATU: Makame! Kwa mtoto wa watu! Akalala?

MAKAME: Alilala, tena fofofo. Aliyekesha ni mimi.